Kichwa Namba Nne

Pikapu ilitoka Kanyakine na magunia ya mbolea, na juu ya mbolea alikuwa amekaa mgeni mmoja aliyedhani anapelekwa Meru mjini. Ilikata kona mahali ambapo hakuitarajia ikate, ikapanda katikati ya mashamba ya kahawa, na ilipofika Githongo ikatoa mvuke puani kama fahali aliyechoka. Dereva akafungua boneti, akachungulia, akaifunga.

"Leo hatuendi mahali," akasema, akaenda kutafuta chai.

Karwirwa aliyaona hayo yote kutoka juu ya ngazi. Ngazi ilikuwa imeegemea ukuta wa kiwanda cha kahawa cha chama cha ushirika, naye alikuwa ameketi kwenye kidato cha juu kabisa, mikono magotini, kama mtu anayesubiri ibada ianze. Chini ya ngazi palikuwa na ndoo iliyojaa chokaa na brashi pana juu yake. Ndoo haikuwa yake.

Mgeni alikuja kivulini, akamwamkia kwa Kimeru.

"Hicho Kimeru umekiokota Embu," Karwirwa akamwambia kwa Kiswahili.

"Kinaonekana?"

"Kinasikika."

Mgeni akacheka, akauangalia ukuta. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wakitembea juu yake kutoka kushoto kwenda kulia, kila mmoja na kikapu cha kahawa mgongoni, mkanda wa kikapu ukipita kwenye paji la uso. Hapakuwa na rangi nyingi, ni nyeusi tu na nyekundu ya kahawa mbivu. Kila mwanamke alikuwa mstari mmoja uliozunguka na kuzunguka mpaka ukawa mtu.

"Unamalizia?"

"Nilimaliza jana."

"Sasa huko juu unafanya nini?"

"Nakaa. Nikishuka watapaka chokaa."

Akamweleza. Kamati ya chama ilikuwa imempa kalenda iliyotoka Nairobi. Kwenye kalenda kulikuwa na msichana mweupe wa sura, midomo myekundu, ameshika kikapu kidogo mbele ya tumbo kama anakwenda kuokota maua. Walimtaka huyo, akuzwe mpaka ajaze ukuta. Wiki nzima Karwirwa alikuwa amejizungushia magunia akifanya kazi nyuma yake, na jana alipoyashusha, mwenyekiti aliulinganisha ukuta na kalenda. Kisha akatoa amri. Leo, kabla kahawa haijapimwa, ama msichana wa kalenda aanze kuonekana ukutani, ama karani apake chokaa pote na fundi mwingine aitwe.

"Na huwezi kumchora msichana wa kalenda?"

"Kumchora naweza hata nikiwa nimelala. Hiyo ndiyo shida yake."

Kweli alikuwa ameweza zamani sana. Mwaka wa sabini na mbili, akiwa msichana wa miaka kumi na saba aliyeshindwa karo, alipelekwa Embu kwa shangazi yake, na shangazi akampeleka kwa Elphas. Elphas ndiye aliyeandika mabango ya nusu ya mji ule. Alikuwa mtu safi, mwenye kola iliyopigwa pasi, na hakuwahi kumfokea mwanafunzi. Alikuwa na daftari kubwa alilobandika picha zilizokatwa katika magazeti na kalenda, kila moja na namba yake. Mteja alikaa kwenye benchi, akapindua kurasa, akataja namba. Ng'ombe wa mabucha alikuwa namba kumi na mbili, yule mwenye madoa na kiwele kikubwa, hata kama bucha liliuza mbuzi peke yake. Kichwa cha kinyozi kilikuwa namba nne: mwanamume mwenye taya la mraba, nywele zimekatwa bapa juu, jicho moja limekunjwa kidogo. Hakuna aliyejua ni nani. Ungeweza kutembea Embu kutoka stendi mpaka sokoni na namba nne akakutazama mara sita.

Elphas alimfundisha kupiga miraba kwa uzi uliopakwa chaki, mraba mdogo kwenye picha na mkubwa ukutani, na kuhamisha kilichomo kimoja kimoja bila kujiuliza ni pua au ni sikio. Karwirwa alishika haraka. Katika mwaka wa tatu alikuwa anamchora namba nne bila miraba.

Halafu akaja Gichovi, kinyozi mpya, mtu wa maneno mengi. Naye alitaka namba nne. Elphas alikuwa Runyenjes siku hiyo, na Karwirwa akaenda peke yake na makopo yake. Gichovi alisimama mlangoni kumsimamia, akizungumza bila kupumua. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekunjika juu kama ukurasa uliowekewa alama, na kila alipocheka likatikisika. Karwirwa aliangalia lile sikio, akaangalia mlango mtupu, akachora sikio. Kisha akachora mwenye sikio.

Kufikia jioni watu walikuwa wamejaa pale nje.

"Gichovi, umeingia mlangoni au umetoka?"

"Sikio limefika kazini kabla yako!"

Walicheka mpaka wakachoka, na walipochoka, wengine wakaingia kunyolewa. Lakini Elphas aliporudi hakucheka. Alimkalisha kwenye benchi la wateja.

"Dada yangu," akamwambia, "mtu hachorwi vile alivyo. Huyo anamjua tayari, anamwona kila asubuhi akinawa. Mtu anachorwa vile anavyotaka kuwa. Hiyo ndiyo kazi yetu. Wewe umemwuzia mtu sikio lake mwenyewe."

"Lakini analipenda, fundi."

"Leo analipenda. Nenda nyumbani upumzike."

Hakumwambia apumzike siku ngapi, na Karwirwa hakurudi kuuliza.

Akarudi kwao Kanyakine akiamini kwamba sasa yuko huru, na hapo ndipo alipoaibika. Alitaka kumchora nyanya yake. Akamkalisha nje, akachora. Yule mwanamke aliyetokea kwenye karatasi alikuwa na taya la namba nne. Akachora jirani, likatoka taya lile lile. Alichora mbuzi, na mbuzi akamkunjia jicho moja. Miaka mitatu mkono wake ulikuwa umelishwa daftari la Elphas, na sasa haukujua chakula kingine. Alichoma karatasi jikoni, akaenda kupalilia kahawa pamoja na wengine, na kwa mwaka mzima hakushika brashi.

Nyanya alikuwa msusi wa viondo, vile vikapu vya nyuzi, na macho yalikuwa yameanza kumwacha. Kusuka aliweza bado, vidole vilijua njia. Kilichomshinda ni kuanza, kule chini kabisa kwenye kitako, nyuzi zinapokutana mahali padogo kama punje. Akamwambia mjukuu wake awe anamwanzishia. Karwirwa alianzisha viondo ishirini na kitu. Kiondo hakianzi ukingoni. Kinaanza kwenye kitako, kinazunguka, na kila mzunguko unashikilia ule uliopita. Ukitanguliza ukingo huna kiondo, una kamba.

Miraba ya Elphas ilianzia ukingoni. Alifahamu hivyo siku moja akiwa na uzi mdomoni, akaacha kusuka hata nyanya akamwuliza kama amejidunga.

Jioni ile alimtazama nyanya yake, lakini mara hii hakutafuta mzunguko wa uso. Alitafuta kitako. Mtu huyu anaanzia wapi? Akakiona: kovu dogo la mkanda kwenye paji la uso, kibonde ambacho miaka ya kubeba kuni na maji huwachimbia wanawake wa huko. Akaweka kipande cha makaa pale kwenye karatasi, akazunguka, akazunguka tena bila kuinua mkono, mpaka akafika kwenye mabega. Taya lilikuja lenyewe, na lilikuwa la nyanya. Kwa Gichovi lilikuwa sikio. Kila mtu ana pake.

Ilimchukua miaka mingi baada ya hapo, na wengi walimfukuza. Mwenye bucha mmoja alimwambia, "Nilikuomba ng'ombe, umenichorea kiondo chenye pembe." Jina likamshika, Mama Kiondo, na walilisema kwa dharau. Yeye aliliitikia. Alichora vibanda vya chai, mlango wa posho mili ya kusagia mahindi, ukuta wa shule ya nasari. Aliyemtaka alimtaka hivyo, na asiyemtaka alimwonyesha barabara ya Embu, kwa Elphas.

"Sasa mwenyekiti ndiye yule," akamwambia mgeni.

Muthamia, mwenyekiti wa chama, alikuwa anapanda kutoka ofisini, na nyuma yake karani wake kijana, Riungu, akikunja mikono ya shati. Nyuma yao zaidi, njia ilikuwa imeanza kujaa. Ilikuwa saa tisa, wakati wa kuleta kahawa, na wanawake walikuwa wanapanda na vikapu mgongoni.

"Mama Kiondo, bado uko huko," Muthamia akasema.

"Bado, mwenyekiti."

"Msichana wangu simwoni."

"Hakuna atakayemwona. Mwenyekiti, huyo msichana hajawahi kubeba debe moja la kahawa. Ukimweka hapa, watu watafikiri kahawa ya Githongo inaokotwa Nairobi."

"Wageni wa benki wanakuja. Unataka waone wazee waliopinda migongo?"

"Migongo imepinda. Sikuipinda mimi."

Muthamia alikuwa mtu mpole kwa kawaida, na kubishiwa na fundi mbele ya foleni kulimwasha masikio. "Shuka basi. Riungu, paka."

Karwirwa hakusogea. "Apake. Ukuta ni wenu. Lakini mjue mkono wangu hauingii kwenye kalenda hiyo, hata mkiniita tena na tena. Na chokaa aanzie pale mwisho kulia, nimuone vizuri."

Riungu akachovya brashi, akaenda mwisho kulia. Wanawake walikuwa wamefika kwenye mizani, na walipoona chokaa wakasimama bila kutua mizigo. Magunia yalikuwa yameshushwa jana baada ya wao kurudi makwao. Walikuwa hawajauona ukuta.

"Ni nini hiyo?" mmoja akauliza.

"Ni sisi," mwingine akajibu, kama anayesoma.

"Huyo wa tatu ni Ciakuthii. Tazama mkanda ulivyoteleza kushoto."

"Wangu hautelezi," Ciakuthii akasema, mkanda ukiwa umeteleza kushoto.

Kicheko kikapasuka. Wakaanza kutafutana ukutani, huyu ni Felicitas na ile shingo, huyu ni fulani anavyojikwaa hata palipo tambarare. Kisha sauti zikafifia, kwa sababu walikuwa wamefika kwa mwanamke wa kumi na moja, aliyeshikilia mkanda kwa kidole gumba kimoja juu ya sikio, na brashi ya Riungu ilikuwa mbele ya uso wake ikidondosha.

"Riungu," Ciakuthii akasema taratibu, "unampaka nani?"

Kijana aliangalia kile kidole gumba. Aligeuka, akaangalia foleni. Mama yake alikuwa wa nne kutoka kwenye mizani, na alikuwa ameshika mkanda vile vile. Alikuwa anamtazama mwanawe.

Riungu akairudisha brashi ndooni. "Mwenyekiti," akasema, "hii sipaki. Nitafutie kazi nyingine nifanye."

Muthamia aliangalia ukuta, akaangalia wanawake ambao majina yao hayakuwa kwenye kitabu cha wanachama, kwa sababu kitabu kilikuwa na majina ya waume zao, lakini bila migongo yao mizani ingekaa bure. Akajikuna shingo.

"Haya. Wabaki. Lakini maandishi ya mlangoni na bango la barabarani nitampa Elphas. Na jina lako usiandike hapo."

"Elphas anaandika vizuri," Karwirwa akasema, akaanza kushuka. "Na jina sikuwa nimepanga."

Alifunga makopo yake kwenye gunia. Gichovi, ambaye sasa alikuwa na mvi, alikuwa anafungua duka la pili la kunyolea huko Manyatta na alitaka sikio lake tena, kama lilivyo sasa. Lori la maziwa lilikuwa linateremka kuelekea barabara kuu, na dereva akamruhusu apande nyuma na ngazi yake.

Mgeni hakuwa na pa kwenda, pikapu ilikuwa bado imefunguliwa boneti. Lori lilipokata kona, Karwirwa aligeuka. Wanawake walikuwa wamerudi kwenye mizani. Mgeni alikuwa amebaki peke yake mbele ya ukuta, uso karibu kugusa rangi, akipitisha kidole hewani kuufuata mstari wa mama yake Riungu, akiurudisha nyuma, mzunguko kwa mzunguko, akitafuta ulipoanzia. Alikuwa amefika shingoni.

Karwirwa alitaka kumpigia kelele kwamba ni kwenye kidole gumba. Akaacha. Akashika ngazi yake.