Nilipopaka Bawaba Mafuta

Watu wanafikiri ukiwekewa kile kidude kichwani, wakikiwasha tu unasikia, unalia kwa furaha, mnapiga picha, mnarudi nyumbani. Hata mimi nilifikiri hivyo. Siku walipokiwasha kule Dar es Salaam, dada wa kliniki alifungua mdomo kunisalimu, na kilichoingia kichwani mwangu ni kelele za kijiko kwenye debe. Nikamuuliza kama kimeharibika. Akachukua karatasi akaandika: "Hiyo ndiyo sauti yangu. Ubongo utajifunza." Nililia kweli, ila si kwa furaha.

Nilikuwa kiziwi kwa miaka mingi, tangu homa ya uti wa mgongo iliponilaza nikiwa bado mwanamke kijana. Niliingia hospitali nasikia, nikatoka sisikii hata radi. Nilikuwa fundi cherehani hapa Ihanda, nikaendelea na ufundi wangu, maana kitambaa hakihitaji masikio. Nikajifunza kusoma midomo. Wateja waliokuja kunisengenya mbele ya macho yangu wakidhani sielewi, niliwashonea magauni yanayobana kwapani. Sijutii hata kidogo.

Sasa kwa nini nikubali kupasuliwa kichwa, mtu mzima nimeshauzoea ukimya wangu? Kwa sababu ya mama. Mama alikuwa na kansa ya kizazi, amelala nyumbani kwake Nyakatuntu, upande wa Kyerwa, na hospitali walikuwa wameshatuambia tumrudishe tumtunze. Nafasi ya upasuaji ilipojitokeza kupitia kanisani, nilitaka kitu kimoja tu: nisikie sauti yake kabla hajaondoka. Nilikuwa nimeisahau. Maneno yake niliyakumbuka yote, na makaripio yake pia, lakini sauti yenyewe ilikuwa imefutika, na hilo liliniuma kuliko uziwi.

Basi nikarudi Ihanda na masikio mapya, na jamani, dunia ina makelele! Sehemu moja ya kifaa imo ndani ya fuvu, nyingine inakaa juu ya sikio na kushikwa kichwani kwa sumaku. Ukiibandua tu, kimya. Ukiirudisha, balaa linaanza upya. Mvua kwenye bati ilinifanya nijifiche chini ya meza, mimi na umri wangu. Majani makavu ya migomba yaliposuguana nyuma ya nyumba, nilitoka na panga nikiamini kuna mwizi kibanjani. Jirani alikaanga senene nikadhani nyumba inaungua. Mume wangu akitafuna, nilitamani kumfukuza mezani. Mtu wa watu nimeishi naye miaka yote hiyo, sijawahi kujua anatafuna hivyo.

Kila siku ilibidi nifanye mazoezi. Mume wangu alikuwa anaficha mdomo kwa kipande cha boksi, anasoma maneno: sabuni, paka, mlango, kikombe. Mimi natakiwa nirudie. Yeye anasema paka, mimi nasema kikombe. Yeye anasema tena, mimi nasema kikombe tena, safari hii kwa hasira. Tuligombana juu ya paka wiki nzima. Lakini polepole vitu vikaanza kupata majina: hii pikipiki, huyu mbuzi, hiki kifuniko cha sufuria. Watu ndio walikuwa wagumu. Sauti zao zote zilikuwa bati tupu.

Nyakatuntu nilikuwa naenda mara kwa mara tangu mama aanze kulala kitandani. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo. Tuko watoto kadhaa, na kaka yangu na mkewe wanaishi pale pale kwenye kiwanja, lakini mama alisema mchana anataka akae na mimi. Wengine waende shamba, wakachume kahawa, wakafanye yao. Dada zangu waliona wivu. Mmoja aliniambia waziwazi, "Wewe umempa nini mama?" Nilivimba kichwa. Nilijua napendwa, basi. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda karibu na kitanda, nashona vifungo au namenya ndizi, na mama amegeukia ukutani anapumzika. Saa zinapita. Wifi yangu akirudi jioni anakuta tumetulia. "Mama huyu mvumilivu," alikuwa anasema. "Hujamsikia hata siku moja akilalamika." Kisha anakumbuka anaongea na nani, anaziba mdomo, tunacheka.

Wanawake wa rika la mama walifundwa hivyo. Walizaa kimya. Mama alikuwa anatusimulia kuhusu jirani yake mmoja aliyepiga kelele wakati wa uchungu, na hata baada ya watoto wa huyo jirani kuoa, bado alikuwa anamcheka. Kulia maumivu mbele ya watu kwake ilikuwa aibu kama kuvua nguo.

Siku ya kwanza kwenda kwake na kifaa, nilishuka kwenye bodaboda kabla haijasimama vizuri. Nikaingia. Nikapiga goti, nikamwamkia. Mama akanitazama kichwa, akainua mkono akagusa ile sumaku, akafungua mdomo. Midomo yake nikaisoma: "Wamekuwekea redio." Lakini sikusikia kitu. Nikasikia kuku nje. Nikasikia wifi anaburuta mkeka wa kahawa. Mama anaendelea kuongea, midomo inacheza, na kwangu hakuna kitu kabisa. Nikabadilisha betri. Nikaongeza sauti mpaka kuku wakanipasua kichwa. Mama bado kimya. Akili zikaniruka. Nikaanza kufoka kwamba wameniharibu, wamenipasua bure.

Wifi akaja mbio kuona kuna nini. Akatutazama, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe mama hakuwa anatoa sauti. Miaka yote ile ya uziwi wangu, pale nyumbani walizoea kuniongelesha kwa midomo tu. Ya nini kujichosha koo kwa mtu asiyesikia? Walishazoea kiasi kwamba wakinitazama usoni, sauti inajizima yenyewe. Hata wifi, katika kunieleza hayo, nusu ya maneno aliyasema bila sauti.

"Mama, toa sauti," nikamwambia. Akatoa. Nikasikia mkwaruzo, kama mtu anakwangua ukoko wa ugali. Hakuna mama ndani yake. Na mazoezi yangu yote yalikuwa ya Kiswahili, wakati mama anaongea Runyambo, na Kiswahili kwake ni cha sokoni tu. Nikamwambia ukweli, kwa sababu sikujua kusema uongo wa haraka: "Mama, nasikia kuku na mbuzi. Wewe sikusikii." Akanipigapiga mkono. Midomo ikasema, bila sauti tena, "Si neno." Nadhani tangu hapo aliamini kwamba kile kidude ni cha kusikilizia mifugo.

Ziara iliyofuata, nimekaa kwenye kigoda changu mchana, wengine wote wako shamba. Nikasikia mlio. Wa chini, mrefu, unakatika, unarudi. Kazi yangu siku zile ilikuwa kuzipa sauti majina, nikawa naitafuta. Nikatoka nje: mbuzi wamelala, wanacheua. Nikaangalia njiani, hakuna pikipiki. Nikarudi ndani, bado upo. Nikautazama mlango, ule wa mbao, unaning'inia kwenye bawaba zenye kutu, na upepo ulikuwa unausukuma kidogo. Aa, nikakupata! Nikaenda jikoni, nikachukua mafuta ya alizeti, nikazipaka bawaba zote mbili kwa kidole, nikaufungua na kuufunga mlango mara kadhaa mpaka ukateleza. Nilijiona mjanja kweli. Nikakaa.

Mlio ukarudi.

Mlango ulikuwa umetulia kabisa. Nikageuza kichwa polepole, huku na huku, kama walivyonifundisha kliniki, mpaka sauti ikaongezeka. Ilikuwa inatoka kitandani. Mama alikuwa amegeukia ukutani kama kawaida yake. Nikaona mgongo wake unavyokaza na kulegea, na mlio unakwenda na mgongo. Alikuwa anaugulia. "Maawe," alikuwa anasema, "maawe," anamwita mama yake, bibi yangu aliyezikwa zamani kabla sijazaliwa. Mikono yangu ilikuwa bado na mafuta. Nilikaa nayo hivyo hivyo, sikujua nitaifanyia nini.

Jioni wifi akarudi. Nilimtazama tu mama. Wifi alipokanyaga uani, ule mlio ulikatika kama umekatwa kwa kisu, mama akageuka, uso mkavu, akauliza kama ndizi zimeiva. Ndipo nilipoelewa. Sikupendwa kuliko dada zangu. Au nilipendwa, sijui, lakini sicho kilichonikalisha kwenye kile kigoda. Mama alikuwa na mtoto mmoja tu katika dunia hii ambaye yeye angeweza kulia mbele yake bila aibu, akiwa na mtu wa kumpa maji na kumgeuza, na mtu huyo asisikie. Chupa ya dawa ya maumivu tuliyopewa hospitali haikuwa inafika mbali. Mchana ndio ulikuwa wake wa kuugulia. Mbele ya wengine alikuwa anajikaza.

Sikumwambia. Ningesemaje? Nikawa nakwenda, nakaa, nasikiliza, nashona. Sindano inanichoma vidole. Na kitu cha ajabu, na kinanitia uchungu kukisema, ni kwamba kule kuugulia ndiko kulikonifundisha sauti yake. Saa nyingi vile, sauti moja, chumba kimoja. Lile bati likaanza kutoka. Kikawa kinabaki kitu kizito, chenye mchanga kidogo mwishoni, na siku moja nikajikuta nasema moyoni, huyu mama. Huyu ndiye.

Ningejua ningekaa kimya milele. Lakini siku moja nilikuwa nimempa mgongo, namenya ndizi, mikono ina utomvu, na nikasikia mama anajisemea kwa mazoea: "Kuku wanaingia, funga mlango." Nikanyoosha mguu nikausukuma mlango ukafunga. Nikaendelea kumenya. Kisha kisu kikanitoka mkononi. Alikuwa ameongea Runyambo, sikuwa nimeona mdomo wake, na nilisikia kila neno! Nikaruka. Nikapiga kelele, "Mama nimekusikia! Nimekusikia, mama!" Nikamshika uso kwa ile mikono yenye utomvu. Nililia kilio ambacho nilitakiwa kulia Dar es Salaam. Nikamwambia sema tena, sema chochote, akasema tena, kuku, mlango, jina langu. Jina langu, jamani. Nilikuwa nimesahau kwamba analivuta.

Mama alifurahi. Nisimsingizie, alifurahi kweli, machozi yalimtoka. Kisha nikaona uso wake unabadilika, kidogo kidogo, anavyorudi nyuma na kuhesabu. Akauliza, "Tangu lini?"

Nikamwambia ni leo tu. Mama alikuwa amenizaa, alijua nikidanganya nakuwaje. Akageukia ukutani.

Tangu siku ile sikusikia tena mlio wowote. Nilikwenda kama kawaida, nikakaa kwenye kigoda, na chumba kilikuwa kimya hata nikawa nasikia saa ya ukutani ya kaka kutoka chumba cha pili. Mama alikuwa ameingiza pindo la kanga mdomoni. Jasho linamtoka shingoni, kitanda kinatikisika, na sauti hakuna. Aliongea na mimi, ndiyo. Kila nilichomuuliza alinijibu kwa sauti nzuri, taratibu, ili niisikie vizuri, kwa sababu alijua ndicho nilichokwenda kupasuliwa kichwa nikitafute. Alinisimulia alivyoolewa. Kisha anaomba radhi, anarudisha lile pindo mdomoni. Nilikuwa nasikia meno yake kwenye kitambaa. Wifi alikuwa anafua zile kanga jioni, akawa ananiuliza mbona zina matundu, panya gani hawa.

Nilijichukia. Nilikuwa nimepata nilichotaka na nilikuwa nakinywa huku mama analipa. Mara mbili nilimwambia, "Mama, lia, mimi ni mwanao." Akaniangalia kama nimemtukana.

Siku za mwisho alikuwa hawezi hata maji. Mchana mmoja nilimkuta ameuma kanga mpaka damu ya ufizi imeingia kwenye maua yake. Nikashindwa. Nikapeleka mkono sikioni, nikabandua kifaa mbele ya macho yake, nikamwonyesha kiganjani, nikatoa betri aone. Nikakitia mfukoni mwa gauni. Kisha nikalivuta lile pindo likamtoka mdomoni.

Alinitazama kwa muda. Nikatingisha kichwa: sisikii, mama, kweli tena, sisikii kitu. Akapiga makofi karibu na sikio langu, taratibu, mikono haina nguvu. Sikugeuka.

Mama akafungua mdomo. Niliona mishipa ya shingo ikisimama. Niliona ulimi. Nikamkumbatia, na kifua chake kilitetema kwenye kifua changu, muda mrefu, na mara mlango ukafunguka, wifi amesimama pale amejishika kichwa kwa mikono miwili, mdomo wazi. Nikamfokea atoke. Nikaegemeza kigoda mlangoni, nikarudi kitandani.

Mama alikwenda jioni ile, kabla jua halijazama. Msibani watu walinishika mkono, wakaniambia nimshukuru Mungu, nilipata masikio kabla mama hajaondoka. Walitaka kujua alisema nini mwishoni. Nikawajibu kwamba sikusikia. Wengine walikasirika, wakaona nawaficha maneno ya mzazi, na dada yangu mmoja mpaka leo haongei na mimi kwa ajili hiyo. Lakini ni kweli. Alisema mengi, mchana kutwa, na mimi nilikuwa nimemshika, na sikusikia hata neno moja.