Mdoli Aliyemfia Namsifu

Ipo siku moja ya ujana wangu ninayoikumbuka mpaka harufu ya sakafu yake, na miaka yote sikumsimulia mtu. Mwaka jana nilimsimulia mjukuu wangu Namsifu, kwa sababu alipanda huku kijijini kwetu Mamba akiwa na godoro.

Mwanangu unayesomea uuguzi, mwanafunzi akija nyumbani na begi, amekuja kusalimia. Akija na godoro, ameacha chuo. Nilikuwa napalilia tangawizi nikaiona bodaboda inajikongoja mlimani, godoro limefungwa nyuma kama mgonjwa, na Namsifu amebanwa katikati. Nikatupa jembe. Huyu ni mtoto wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa sare ya uuguzi. Mimi niliishia darasa la nne, naye alikuwa amebakiza muhula mmoja tu. Picha yake ya sare nimeitundika juu ya picha ya harusi yangu mwenyewe, na mzee hajasema kitu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hilo godoro linakwenda wapi?"

Akaanza kulia. "Bibi, nimeua."

Nikamshika mabega. "Umeua nani?"

"Mdoli."

Nilicheka, mwanangu. Nikudanganye ili iweje? Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya jiko, na yule dereva wa bodaboda naye akacheka. Kisha nikamtazama mtoto usoni nikaona hana mzaha. Nikamfukuza dereva, nikampakulia mjukuu wangu makande, nikamwambia anieleze taratibu, maana mimi chuo nakijua kwa nje tu.

Kumbe wana mdoli mkubwa kama mama mzima. Anapumua, anapepesa macho. Anazaa, na akishazaa anaweza kuanza kutoka damu, maji mekundu yanayopita kwenye mipira ndani yake. Mwalimu anakaa nyuma ya kioo na kompyuta anamwendesha, tena anamsemea: "Nesi, naona kizunguzungu." Mwanafunzi anaachwa naye chumbani na kamera inamwangalia. Sasa mdoli wa Namsifu alizaa vizuri, halafu damu ikaanza. Namsifu alijua yote ya kufanya, alikuwa ameyaandika kwenye karatasi akapata alama nzuri. Mikono ndiyo iliyokataa. Alisimama tu. Mdoli akalalamika, akanyamaza, mashine ikalia mlio mmoja mrefu usiokatika. Halafu darasa zima likakaa kuitazama ile video, mwalimu anaisimamisha na kumwuliza, "Hapa ulikuwa unafikiria nini?"

"Bibi, angekuwa mama wa kweli je? Mimi si wa kazi hii. Jumatatu wamenipa nafasi ya kurudia. Siendi."

Jirani yangu Mama Zakayo alikuwa amekuja kuomba chumvi. Mama Zakayo huishiwa chumvi kila ninapopata mgeni. Akadakia, "Ndio manesi wa siku hizi hao! Wanacheza na midoli kama watoto. Enzi zetu walijifunzia wodini, kwa watu."

"Kwa watu gani?" nikamwuliza. "Niambie, Mama Zakayo, kwa watu gani?"

Akachukua chumvi yake akaondoka. Mimi nikavuta kigoda, nikamsimulia Namsifu.

Nilikuwa binti, nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, huyo baba yake Namsifu, katika hospitali ya misheni huku huku milimani. Kitanda cha pili alilala Nakijwa, mwanamke wa kijiji cha Bendera, mcheshi hasa. Mtoto wangu alikuwa anakataa ziwa, na Nakijwa na tumbo lake kubwa ndiye aliyekuja kunionyesha namna ya kumshika. "Wewe unambeba kama kuni," akaniambia. Naye akajifungua mchana ule, salama kabisa, akajipigia vigelegele mwenyewe tukacheka wodi nzima.

Nesi mkubwa akaitwa chumba kingine. Akabaki mwanafunzi, binti wa umri wangu, kofia yake nyeupe kubwa kuliko kichwa. Damu niliiona mimi kabla yake, inadondoka chini ya kitanda, kwenye sakafu iliyotoka kusuguliwa kwa dawa. Nikamwambia, "Dada, damu." Akatazama. Akasimama. Mikono yake ilining'inia kama nguo kwenye kamba. Hakuwa mvivu wala mjinga, alikuwa hajawahi kuiona damu ya namna ile. Nesi mkubwa alipokuja mbio alisugua tumbo ili kizazi kikaze, akachoma sindano, akaita wenzake, lakini Nakijwa alikuwa ameshaondoka. Aliondoka ananitazama mimi.

Jioni yule binti alikaa nyuma ya wodi wanapoanika mashuka, amevua kofia, anasema anarudi kwao. Mama mkwe wangu, aliyekuwa ananiuguza, hakumbembeleza. Alimsimamia kichwani akamwambia, "Vaa kofia yako. Leo umefundishwa na marehemu. Ukiondoka na somo lake, itabidi afe mwingine ndipo mwenzako ajue." Binti akaivaa. Alizeekea katika wodi ile, na wako akina mama wanaokwenda sokoni leo kwa sababu hakupanda gari jioni ile.

Namsifu alikuwa ameacha kula. Nikamwuliza, "Sasa huyo mdoli wako yuko wapi?"

"Yupo chuoni."

"Tangu umuue, amefufuka mara ngapi?"

Akafuta pua kwa kiganja. "Bibi, si wanabonyeza tu."

"Basi. Nakijwa hakuwa na pa kubonyeza."

Akasogeza sahani ya makande pembeni. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, unaweza kulala kitandani kidogo?"

Ndivyo nilivyokuwa mdoli, mwanangu, na uzee huu. Aliegemeza simu kwenye birika ituchukue video. Tulimwaga maji mekundu ya rozela kwenye shuka langu, yawe damu, na doa halijatoka mpaka leo. Alinisugua tumbo mpaka makande yakataka kurudi. Nikamwuliza, "Nesi, mwanangu yuko wapi?" akajibu bila kuacha kusugua, "Yuko hapa mama, amefunikwa vizuri, anapumua." Nikafurahi kama vile nimezaa kweli. Mara ya kwanza nilikufa. Mara ya pili nikafa tena. Tulipotazama video niliisimamisha kama mwalimu wake.

"Hapa ulikuwa unafikiria nini?"

"Nilikuwa nafikiria nikipiga kelele watu watanicheka."

Kumbe kosa lilikuwa hapo! Jambo la kwanza walilofundishwa ni kuita msaada, na mtoto wa watu anaona aibu kupaza sauti. Nikamwita Mama Zakayo, maana alikuwa dirishani anachungulia. Tukampa kazi: akisikia jina lake, akimbie. Namsifu akajaribu, sauti kama ya paka. "Sisikii!" Mama Zakayo akafoka kutoka nje. "Mgonjwa anakufa na wewe unanong'ona kama mchumba!" Mpaka Jumapili Namsifu alikuwa anapiga ukelele unaofika bondeni, na watu waliokuwa wanatoka ibadani walikuja kuuliza kuna msiba gani.

Jumatatu alfajiri Namsifu aliteremka kurudi chuoni na godoro lake, nami sikuweza kulima. Nilikaa kwenye tuta, simu nimeishika mkononi kama yai. Mchana ikalia.

"Bibi."

"Sema."

"Amepona."

Nikajifunika uso kwa khanga, mwanangu. Alikuwa mdoli, najua, nami nilimlilia kama ndugu.

Basi wewe unayesomea kazi hii, nisikilize mimi nisiyeisomea. Mdoli akikufia usione haya. Ogopa pale, tetemeka pale, kosea pale, ambapo hakuna mtoto anayebaki yatima. Itazame video yako hata kama inakuchoma, mpaka uione dakika ambayo mikono ilikataa. Ukihitaji msaada, piga kelele, aibu utaivaa baadaye. Ukiwa wodini huna hakika na kipimo cha dawa, fungua simu uangalie, ila mwambie mgonjwa, "Mama, naangalia dawa yako," asije akadhani unachati. Na mtu akikukejeli kwamba manesi wa zamani hawakuhitaji mambo hayo, mwulize walijifunzia kwa nani, na huyo mtu yuko wapi sasa.

Mungu akupe mikono inayoamka kabla ya hofu. Wote utakaowapokea watoke wodini kwa miguu yao, watoto wamewashika vizuri, wakilalamikia uji wa hospitali, na wafike nyumbani wazima kiasi cha kulisahau jina lako. Amina.