Mtihani wa Marudio wa Mwalimu Thadeo

Siku Mwalimu Thadeo alipokwenda kujiandikisha mwaka wa kwanza wa sheria, binti mmoja aliyetoka kumaliza kidato cha sita alimwamkia shikamoo, akampisha mbele kwenye foleni, kisha akamwuliza kwa heshima mwanawe anasoma kozi gani. Thadeo alijibu kwamba mwana ni yeye mwenyewe. Alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Alifundisha darasa la tano katika shule ya msingi ya kijiji kilicho mpakani, pale Butiama inapokaribia kuwa Bunda. Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa na watoto themanini na wawili na vipande viwili vya chaki. Jumamosi aliamka alfajiri, akapanda gari ya Musoma, akashuka Makoko, ambako chuo chao kilikuwa kimekodi vyumba vitatu vya madarasa karibu na ziwa. Alirudi nyumbani jioni. Mara nyingi alilala garini na kitabu mapajani, na kondakta alimzoea kiasi cha kumwamsha kituoni bila kuambiwa. Uchovu wake haukuwa wa siku moja. Ulikuwa umemkaa mwilini kama vumbi linavyokaa kwenye mikunjo ya suruali.

Katika masomo yote, alilipenda zaidi somo la misingi ya sheria ya jinai. Lilimwambia kwamba kosa lina sehemu mbili, kitendo na nia, na kwamba anayemshtaki mwenzake ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Aliyashika maneno hayo, akayarudia njiani, akawaeleza hata walimu wenzake wakati wa chai. Kisha mtihani ukaja, akafeli.

Alifelishwa na swali moja. Liliuliza juu ya mtu ambaye ng'ombe wa wizi walifuatiliwa hadi karibu na boma lake. Je, ana hatia? Thadeo aliliona swali hilo kama zawadi. Alijaza kurasa tatu bila kuinua kichwa. Aliandika kwamba nyayo zikishaingia kwa mtu, ni juu ya mtu huyo kuonyesha zilikotokea kwenda kwingine, na akishindwa, basi ng'ombe anao yeye. Hivyo ndivyo alivyomwona baba yake akiamua, na hivyo ndivyo kijiji chake kinavyoamua mpaka leo. Alipata alama tatu kati ya ishirini na tano. Pembeni mwalimu wake alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: *Hii ni mila. Sheria iko wapi?*

Akapangiwa marudio, Ijumaa, saa nane mchana. Asiyefaulu marudio, au asiyefika, anarudia mwaka mzima. Thadeo alimwambia hivyo mkewe, Sabina, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akilima peke yake kila Jumamosi.

"Mwaka mwingine wa hivi siuwezi," alisema Sabina. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anapepeta mtama, wala hakuacha.

"Sitafeli."

"Sijasema utafeli. Nimesema siuwezi."

Ijumaa ilipofika, Thadeo alikuwa ameshaomba ruhusa shuleni. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza, naye alikuwa amevaa shati jeupe na viatu vyeusi vya ngozi, anapanga kadi zake za kujikumbusha kwenye mfuko wa nailoni. Ndipo yowe likapigwa upande wa kwa jirani yao Eliasi. Likaitikiwa bondeni, likaitikiwa tena kule shuleni.

Sabina alisimama mlangoni. "Usiende. Nitasema ulishaondoka."

"Shati langu lilikuwa kwenye kamba tangu jana. Kijiji kizima kinajua naondoka saa tatu."

Hakukuwa na la kubishana. Kwao, yowe la wizi wa ng'ombe likipigwa kila mwanamume anatoka. Asiyetoka anaulizwa alikuwa wapi, na jibu lake lisipowaridhisha watu, huanza kuitwa mshirika wa wezi. Waliotoka hufuata nyayo mpaka ziingie kijiji kingine. Hapo huwakabidhi wenyeji, na wenyeji wakishazipokea, wale wa kwanza wako huru kurudi makwao. Kijiji kilichopokea nacho kina kazi mbili tu: kuonyesha nyayo zilikotokea kwenda mbele, au kulipa ng'ombe.

Thadeo alipiga hesabu upesi. Kijiji cha jirani ni mwendo wa saa mbili. Nyayo zikipokelewa saa nne, atachukua bodaboda hadi Nyamuswa, gari ya Bunda, kisha ya Musoma. Atafika. Akatoka hivyo hivyo na viatu vyake vya mtihani.

Eliasi alikuwa ameibiwa ng'ombe sita, na mmoja alikuwa na kwato iliyopinda, inaburuza. Alitangulia mbele ameinama, hasemi na mtu. Wanaume kama thelathini walimfuata na fimbo zao. Walipomwona Thadeo hawakukosa la kusema.

"Mwalimu, harusi iko wapi?"

"Mwacheni wakili. Tukiwakamata wezi, yeye atakaa upande wao."

"Kwani hujui? Sheria ndiyo inasemaga hivyo. Mwizi apewe kwanza kiti."

Thadeo alicheka kidogo, kwa adabu. Viatu vilianza kumbana kabla hata hawajamaliza mashamba ya pamba. Akabaki nyuma taratibu, na kwa kuwa alikuwa nyuma, akatoa kadi. Akasoma huku anatembea: nia, uzembe, ajali, kujitetea. Aliposoma aliwasikia wenzake kwa mbali, wakisema hapa, hapa, ile kwato, hapa. Hakuinua macho. Aliona kwamba angalau saa hizi mbili hazipotei bure.

Saa nne na nusu walifika kwenye kijito kinachotenganisha vijiji viwili. Ng'ambo walisimama wanaume wa upande wa pili, na mbele yao mwenyekiti wa kitongoji, mzee mmoja mfupi aliyeitwa Makoye, amevaa koti zito ingawa jua lilikuwa limeshakolea.

"Nyayo zimeingia kwenu," alisema Eliasi.

"Nionyeshe."

Hapo ndipo shida ilipoanza. Asubuhi hiyo hiyo, mifugo ya kitongoji kizima ilikuwa imeshuka kunywa maji. Kingo zote mbili za kijito zilikuwa zimekanyagwa mpaka zikawa tope tupu. Kwato zilikuwa mia, zote mbichi, zote zinafanana.

"Zilikuwa hapa," alisema kijana mmoja wa upande wa Eliasi.

"Zilikuwa," alisema Makoye. "Hata mimi nilikuwaga na meno."

Watu wakaanza kupandisha sauti. Wengine walisema wazee wa ng'ambo wameswaga mifugo makusudi ili kufuta nyayo. Wengine waliwajibu kwamba ng'ombe hunywa maji kila siku, hata siku wageni hawajaja. Makoye aliinua mkono.

"Sikilizeni. Mnataka tupokee nyayo tusizoziona. Tukipokea, tunazilipa, maana za kutoka hatutazipata kwenye tope hili. Basi nipeni mtu mmoja wa kuaminika, aseme mbele ya watu wote kwamba aliziona kwa macho yake zikiingia kwenye maji haya. Akisema, nimepokea." Macho yake yakapita juu ya vichwa, yakatua kwenye shati jeupe. "Yule pale. Amewafundisha watoto wa dada yangu. Mwalimu, sema wewe."

Watu wakageuka. Upande wa Makoye, kando ya njia, bodaboda mmoja alikuwa amelalia pikipiki yake, anasikiliza. Thadeo aliiona pikipiki kabla ya kuuona uso wa mtu yeyote.

Alihitaji kusema neno moja tu, kisha apande. Saa tano angekuwa Nyamuswa. Huenda hata lisingekuwa uongo, maana nyayo zilikuwa zinaelekea huku, na ng'ombe hawaruki. Miguu yake ilikuwa inawaka moto. Alifikiri juu ya Sabina na mtama wake. Kisha akajaribu, kama mtu mwaminifu anayejikagua, kukumbuka mara ya mwisho alipoiona kwato ile iliyopinda. Hakukumbuka. Alichokumbuka ni kadi ya ajali na kadi ya kujitetea, na visigino vya mtu aliyekuwa mbele yake.

"Mzee wangu, mimi sikuona," alisema.

Eliasi alimgeukia polepole. "Hukuona?"

"Nilikuwa nyuma. Nilikuwa nasoma."

"Ulikuwa unasoma," alisema Eliasi, "nyuma ya ng'ombe wangu."

Mtu mmoja alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Eliasi hakucheka. "Zingepita wapi kwingine, Mwalimu? Hebu niambie. Zimekuja mpaka hapa, mbele ni kwao. Kwingine ni wapi?"

"Sijui."

"Basi si kwao?"

"Hata mimi niliandika hivyo hivyo kwenye mtihani," alisema Thadeo. Sauti yake ilikuwa imechoka kuliko alivyotaka iwe. "Nikapewa tatu kati ya ishirini na tano. Wewe mwenyewe uliziona zikiingia majini?"

Eliasi alitazama tope kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mkali, lakini hakuwa mwongo. "Niliziona mara ya mwisho kwenye ule mkonge," alisema hatimaye. "Nikajua zinakuja huku."

"Mkonge uko nyuma huko," alisema Makoye. "Rudini kwenye mkonge."

Minong'ono ilipita kati ya watu kama ya darasa lililonyimwa mapumziko. Kurudi kwenye mkonge kulikuwa na maana ya kuanza upya, kwenye jua kali, kila mtu na kiu yake. Thadeo alimsogelea Eliasi.

"Ndugu yangu, niruhusu. Nina mtihani saa nane. Nisipofika narudia mwaka."

"Nenda," alisema Eliasi. "Nikukataze kama nani? Ila watu watasema ulituzuia hapa, halafu ukakimbia. Watasema ulikuwa unawapa wezi muda. Mimi sitasema. Watasema wao."

Thadeo alimtazama yule bodaboda, naye akamnyanyulia kidevu, kama anayeuliza, twende? Thadeo akatikisa kichwa. Alivua viatu, akavifunga kamba, akavining'iniza shingoni, akarudi na wenzake.

Saa nane kamili alikuwa amechuchumaa kwenye changarawe, nusu saa ya mwendo kutoka kwenye ule mkonge, akibishana na kijana mmoja kama kinyesi walichokiona ni cha usiku au cha juzi. Alitazama saa kwenye simu. Akaizima ili betri isiishe. Hakuna aliyemwambia pole, maana hakuna aliyekumbuka. Ilikaribia saa tisa ndipo Eliasi alipoita. Aliiona kwato iliyopinda, moja tu, kwenye kipande cha udongo laini kati ya mawe. Ilielekea mashariki, mbali kabisa na kitongoji cha Makoye.

Kijiji cha mashariki kilizipokea nyayo saa kumi na moja jioni. Wanaume wakatawanyika, kila mmoja na njia yake. Eliasi hakumshukuru Thadeo wala hakumwomba radhi. Alimkatia nusu ya muhogo wa kuchoma aliopewa na wenyeji, akaendelea na safari. Mpaka Jumatatu ng'ombe wake walikuwa hawajapatikana.

Nyumbani, Sabina alimletea maji ya moto ya kukanda miguu. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ungesema umeona," alisema.

"Ningesema."

"Na ugali ningekupikia ule ule." Akamwongezea maji kwenye beseni. "Basi kila Jumamosi nitalima tena peke yangu."

"Sabina."

"Nimesema nitalima. Kanda miguu."

Jumatatu Thadeo aliomba tena ruhusa shuleni, akaenda Makoko kujieleza. Ofisi ya chuo ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kabati na dada aliyeitwa Dorah, ambaye alizijua shida za wanafunzi wote kwa majina yao. Alimsogezea fomu ya kutofika kwenye mtihani.

"Hapa andika sababu. Inayokubaliwa ni ugonjwa au msiba. Ukiwa na cheti, unapewa mtihani mwingine mwezi ujao, hurudii mwaka."

"Sikuumwa. Wala hakuna aliyekufa."

"Mwalimu," alisema Dorah kwa huruma ya mtu mwenye uzoefu, "hapa kila anayekosa mtihani amefiwa na shangazi. Shangazi mmoja wa mwaka wa pili ameshakufa mara tatu. Unaletaga tu karatasi ya mtendaji, yenye muhuri."

Thadeo alitabasamu. Mtendaji wa kijiji chake alikuwa rafiki yake, na muhuri ulikaa kwenye droo isiyofungwa. Alishika kalamu kwa muda, halafu akaandika. Dorah alisoma kwa sauti ndogo, kichwa chini juu ya karatasi.

"'Niliitwa kufuata nyayo za ng'ombe wa jirani walioibwa.' Hii wataikataa."

"Najua."

"Wakiikataa unarudia mwaka wote. Masomo yote, siyo hili tu."

"Najua, dada."

Dorah alimtazama, akaona hafanyi mzaha, akaigonga muhuri wa kupokelewa. "Basi nikuandikishe kabisa. Darasa jipya la jinai ni Jumamosi hii, saa mbili kamili. Wanaanza sura ya kwanza."

"Nikichelewa kidogo? Natoka mbali."

"Wanafungaga mlango saa mbili na robo."

Thadeo aliitika kwa kichwa, akasaini palipoonyeshwa. Alipotaka kwenda, miguu ilikataa. Akakaa kwenye benchi lililokuwa karibu na mlango, akanyoosha visigino vilivyochubuka, na Dorah akaendelea na faili zake bila kumwuliza anasubiri nini.