Selo ya Sikio la Kushoto

Earphone yangu ilikuwa inasikika upande mmoja tu, wa kushoto. Naanza na hilo kwa sababu hakuna mwingine anayelijua, na ndilo linaloonyesha kwamba ile kazi ilikuwa yangu.

Likizo iliyopita kwaya ya kanisa letu hapa Kanyangi ilirekodi wimbo Kitui mjini. Mwalimu wa kwaya akataka uwekewe vayolini za kompyuta, maana za kweli nani angezileta huku? Dada yangu, anayeimba soprano na haogopi mtu, akasema atazitafuta yeye. Kisha akaniletea mimi laptop yake. "Wewe ndiye uko na masikio," akaniambia.

Nilikaa na hizo vayolini wiki mbili. Za kwanza zilikuwa okestra nzima. Nikizifungua tu, laptop inaganda. Za pili zilikuwa safi mno, kama matangazo ya redio. Za tatu zilikuwa za watu wanne. Ungesikia upinde ukikwaruza nyuzi, hata mtu akivuta pumzi kabla ya kuanza. Nikachagua hizo. Kati yao kulikuwa na selo, ile kubwa yenye sauti nzito, na nilipoisikia nikamkumbuka marehemu babu akiombea chakula. Nilimwambia dada hivyo tukiambua mbaazi. Sikuwahi kumwambia mtu mwingine. Shida ni kwamba ilikuwa inasikika kwa mbali, kwa hivyo nikaiongeza sauti. Nikaiongeza tena.

Jumapili, wimbo ulipopigwa kwenye spika za kanisa, selo ilinguruma mpaka nikataka kuingia chini ya benchi. Ndipo nikaelewa. Wale wachezaji wamepangwa kama wanavyoketi ukumbini: vayolini kushoto, selo kulia, upande ambao sikio langu lilikuwa halipati kitu. Nilikuwa nimeharibu wimbo mzima.

Halafu nikaona kina mama wa mbele wakifuta macho.

Mwalimu akashika maikrofoni. "Huo mlio mzito! Nani alitufanyia hii kazi?"

Mama alikuwa kando yangu. Nilitaka ajue ni mimi. Hilo tu. Nikamtazama dada, nikingoja aninyooshee kidole.

Akasimama. "Ni mimi, Mwalimu. Nilitaka iwe nzito kama sauti ya babu akiomba."

Mama akalia. Akanishika mkono, akaninong'oneza, "Umesikia dada yako?" Nikainamisha kichwa.

Nyumbani nilimuuliza mbona amesema vile.

"Ningesema nini? We ungesimama? Ukiambiwa tu usome andiko unakimbilia choo."

Ni kweli, na ndiyo maana iliniuma.

"Lakini hayo ya babu nilikuambia wewe peke yako."

"Kwani babu ni wako peke yako?"

Kosa langu alikuwa amelifanya werevu wake, na siri yangu akaifanya ushuhuda. Sikula jioni hiyo, na mama akadhani nina malaria.

Jumamosi Mwalimu alikuja kwetu na wimbo wa pili. Dada akanifuata jikoni. "Nitengenezee haraka nimwonyeshe."

"Vayolini ziko zote kwa laptop."

"Nizitafute mbele yake? Haki, usinifanyie hivyo."

Nikabeba thermos ya chai nikaenda sebuleni, dada akanifuata na laptop. Mama alikuwa ameketi na Mwalimu, anakoroga uji wake.

"Haya, mama soprano," Mwalimu akasema, "tuonyeshe vile ulifanya ile selo."

Dada akabofya. Ikatoka vayolini nyembamba.

"Hapana, ile ya babu."

Akabofya tena. Vayolini nyingine. Akaniangalia kwa yale macho tuliyokuwa tukitumia tukiwa wadogo, kikombe kikivunjika. Nilijua selo iko wapi: mstari wa mwisho, chini kabisa. Ningeweza kumwonyesha kwa kidevu tu.

"Mwalimu," nikasema, na sauti yangu ikatoka yote, "sukari vijiko vingapi?"

Mama akaacha kukoroga. Akamtazama dada, halafu akanitazama mimi, muda mrefu. Mara hii sikuinamisha kichwa.