Pikapu Iliyokata Pumzi Mlimani

Kiti cha mbele cha pikapu yetu kilinuka dizeli na ndizi mbivu, na mpaka leo harufu hizo mbili zikikutana puani mwangu, moyo unashtuka kwanza kabla haujatulia. Ilikuwa pikapu ya zamani, rangi yake ya bluu imebabuka, lakini pale kijijini kwetu Kishanda ndiyo iliyobeba kahawa, mikungu ya ndizi, maharusi na wagonjwa. Baba yangu, ambaye kwa Kihaya tulimwita Tata, aliipenda kiasi kwamba Mama alisema siku itakapojua kupika, yeye atarudi kwao. Mwaka ambao Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu, pikapu hiyo ikaanza ugonjwa. Ilikuwa inapanda mlima wa kutokea kwetu vizuri tu, halafu katikati nguvu zinaisha, injini inakohoa, inazima. Tata anashuka, anaweka jiwe nyuma ya tairi, anafungua boneti na kutazama ndani kwa huzuni. Tukikaa kidogo anawasha, inawaka, inapanda kana kwamba haikuwa yenyewe iliyotuaibisha.

Mimi nilizaliwa kwa upasuaji, na daktari alikuwa amemwonya Mama kwamba safari hii asithubutu kujifungulia nyumbani. Uchungu ukianza tu, awahishwe hospitali Bukoba mjini, na njia ya kwenda huko ilikuwa mlima uleule. Nilikuwa nimeshakua vya kutosha kuyaunganisha mambo hayo mawili. Kila jioni kwenye rozari nilimwombea Mama, kisha kimyakimya nikaiombea na pikapu.

Fundi wa Muleba alihangaika nayo kwa moyo wote. Alibadilisha chujio la dizeli, akatoa hewa kwenye mipira ya mafuta, akafungua nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini na kuzisafisha. Shida ni kwamba pikapu ikifika gereji ilikuwa nzima kabisa, kama mtoto anayelia tumbo nyumbani, halafu akifika zahanati anacheza na wenzake kwenye benchi. Fundi akasema hawezi kutibu asichokiona. Tulirudi, na safari iliyofuata mlimani ikazima tena. Mama alishuka, akashika kiuno, akasema, "Baba Koku, mimi hili gari silipandi tena. Siku ikifika nitakodi bodaboda." Tata alimtazama tumbo, akainama kulisogeza jiwe ambalo lilikuwa limeshakaa vizuri. Niliogopa sana siku ile.

Jumapili moja baada ya misa, Babu, baba yake Tata, alikuwa amekaa barazani na kibuyu chake cha rubisi. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, hunywewa kwa mrija, na kwa kuwa ndizi hukamuliwa kwa nyasi, hazikosekani nyasi zinazobaki ndani. Babu akavuta, mrija ukaziba. Akavuta kwa nguvu hadi mashavu yakaingia ndani, wapi! Akaacha, akalaani kidogo kwa Kihaya, akavuta taratibu, ikaja. Alipovuta tena kwa pupa, ukaziba upya. Mimi nilicheka. Tata alikuwa amemkodolea macho baba yake bila kupepesa, hata Babu akadhani anaonewa wivu, akakumbatia kibuyu.

"Waitu, ukiacha kuvuta inaachia yenyewe?" Tata akamuuliza kwa heshima ya Kihaya.

"Nyasi si inashuka! Leo ndiyo unaona mrija?"

Tata akainuka na shati lake la kanisani, akaenda moja kwa moja kwenye pikapu. Akamwaga dizeli yote, akaingiza waya ndani ya tangi, akachokonoa mpaka akavuta kitu cheusi, kilicholainika. Lilikuwa jani la mgomba. Kijijini hapakuwa na kituo cha mafuta, kwa hiyo Tata alinunua dizeli Muleba na kuiweka nyumbani kwenye madumu. Mifuniko ilishapotea zamani, naye aliziba madumu kwa jani kavu lililosokotwa, kama kila mtu kwetu anavyoziba kibuyu. Kizibo kimoja kilikuwa kimedumbukia tangini. Mlimani, injini ikivuta mafuta kwa nguvu, jani lilinasa kwenye mdomo wa bomba. Injini ikizima, likaachia. Mama alilitazama mkononi mwa Tata, akaketi kwenye ngazi, akacheka mpaka machozi. "Kumbe nilikuwa naogopa jani," akasema.

Asubuhi ya uchungu tulibanana watatu mbele, mimi katikati na mfuko wa khanga magotini. Tulipita pale lilipokuwa jiwe la Tata, bado liko kando ya barabara, na hakuna aliyefungua mdomo mpaka juu. Mdogo wangu alizaliwa salama hospitalini, na Tata akampa jina Kemilembe, wa amani. Nilifurahi hadi nikashindwa kula.

Siku hizi naishi Miembeni, Bukoba mjini, na gari langu likiugua fundi anachomeka kompyuta, inamtajia ugonjwa. Wanaosema magari ya zamani yalikuwa bora nawaachia wayapande wao. Hata hivyo, juzi nilimchukua Kemilembe kutoka Kishanda kumpeleka kliniki, tumbo lake sasa limefika kifuani, na tulipoanza kupanda nikajikuta nimenyamaza.

"Dada Koku, mbona huongei?"

"Subiri tufike juu."

Tulipofika nikashusha pumzi, nikamsimulia yote. Akageuka kuutazama mlima.

"Kwa hiyo hapa ndipo nilipozaliwa?"

"Hapana," nikamwambia. "Hapa ndipo ambapo hukuzaliwa."