Sakafu Isiyong'aa

Ni nani nyumbani kwako anayeiogopa sakafu yako? Usikimbilie kusema hakuna. Mtazame mzee wako anavyopapasa ukuta akitoka bafuni, kisha tuzungumze.

Shangazi yangu ni fundi sakafu. Mafundi wenzake humwita Kioo, kwa sababu saruji yake ya rangi hung'aa hadi unaweza kuchania nywele. Sebule yake ndiyo iliyokuwa tangazo lake: nyekundu iliyoiva, imepigwa niru laini, ule uji wa saruji wa kumalizia, imechorwa miraba kwa uzi. Wageni walivua viatu bila kuambiwa. Na ni hapo hapo Bibi, mama yake mzazi, alipoteleza kwenye maji ya kikombe kimoja, akavunjika nyonga.

Alipotoka hospitali alikwenda kukaa kwa baba mdogo, akatoa kauli moja tu: "Kwenye kioo sirudi. Mifupa yangu si ya kujaribia."

Sasa baba mdogo alikuwa anahamia mbali. Walikubaliana ampitishe Bibi kwa Shangazi aione sakafu mpya. Akiikubali, anabaki. Akiikataa, safari inaendelea naye, na huko waendako si kwa kwenda na kurudi.

Shangazi aliing'oa ile sakafu kwa nyundo na tindo. Mchanga ukachelewa kuletwa, kwa hiyo mpya tukaimwaga siku moja kabla hawajafika, roho mkononi. Mimi nilikoroga, yeye akasawazisha. Saruji ilipoanza kushika, akaipitishia fagio laini, ikabaki na mistari myembamba iliyopinda kama matuta ya shamba la mtu mwenye subira. Jicho lilifurahi, na mguu ulikuwa na pa kushika. Nilifurahi kuliko mwenye kazi. Tunajenga kumridhisha mgeni wa dakika mbili, halafu anayeishi humo tunamwacha anyate kama mwizi!

Fundi bomba wa jirani akachungulia dirishani.

"Kioo, vipi? Umesakafia zizi?"

"Pita zako. Mabomba yako yanakulilia."

"Wateja wakiiona hii, utauza mkaa, dada yangu."

Akaenda zake akicheka. Shangazi naye alicheka. Lakini niliporudi na ndoo ya maji, nilimkuta amepiga magoti juu ya ubao pale mlangoni, mwiko wa chuma unazunguka. Mahali pa hatua ya kwanza palikuwa panang'aa.

"Shangazi! Weka mwiko chini!"

"Kidogo tu, mwanangu. Mlangoni pawe na heshima."

"Heshima ya kumvunja Bibi nyonga ya pili?"

Aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Akanyakua fagio, likateleza bila kuacha alama, saruji ilikuwa imeshakaza. Akachukua brashi ya waya, ikachimba mikwaruzo isiyo na mpangilio. Alikwangua mpaka giza likaingia, nami nikipangusa vumbi, kila mmoja akiogopa kumwuliza mwenzake kama inatosha.

Asubuhi yake gari lilisimama nje, injini ikinguruma. Sakafu ilikuwa na ugumu wa kubeba mguu, kitanda bado. Baba mdogo alimnyooshea Bibi mkono, akaukataa. Akavua kandambili, akatanguliza mguu mmoja juu ya kile kiraka cha mlangoni, akausugua huku na huku. Shangazi alikuwa amekishikilia kitasa cha mlango kama mtu anayezama.

Bibi akauegemea ule mguu kwa uzito wote.

"Hapa walipigana kuku?"

"Mkono uliniponyoka, mama."

 Bibi akavuta mguu wa pili. Akaifuata ile mistari taratibu, fimbo ikigonga mbele yake, hadi dirishani. Hapo akageuka kumtazama mwanawe, aliyekuwa bado amesimama nje.

"Na wewe unangoja nini? Zima gari, uniletee begi langu."