Uzi wa Fundi Shoto

Saa mbili asubuhi, Nalufenya, mjini Jinja. Fundi Waiswa amekalia baiskeli ya aina isiyoundwa kwingine mjini: miguu inakanyaga pedali, mikono nayo inazungusha pedali nyingine mbele ya kifua. Gurudumu la nyuma limeinuliwa juu ya kigogo, kwa hiyo haendi popote. Jasho linamchuruzika hadi kiunoni.

"Hapa hakuna kiungo kinacholala," anasema. "Bega, mgongo, paja, vyote kazini."

Aliyeibuni ni ndugu yake, Kirunda. Mwaka jana, 1975, Kirunda alipanda basi kwenda Mbale kununua mipira ya magurudumu kule Namatala. Basi lilifika, yeye hakufika. Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu apotee. Ukimuulizia, watu wanainamia viatu vyao. Siku hizi za utawala wa askari, ndugu hatafutwi kwa sauti.

Ukutani zimetundikwa nyuzi. Kila mteja wa baiskeli hii hupimwa kwa uzi, bega hadi kiwiko, kiwiko hadi ngumi, nyonga hadi kisigino, na kila kipimo hufungwa fundo. Kirunda ni shoto. Mafundo yake huyafunga kinyume, akiyazungusha mara tatu.

"Nilimcheka miaka yote," anasema Waiswa. "Nikimwambia, mafundo yako hata shetani hayafungui!"

Basi Jumatatu hii likasimama gari lisilo na namba. Akashuka askari mmoja, mpole kupita kiasi, akamkabidhi uzi.

"Mkubwa yetu kule Mbale nataka baiskeli ya mikono na miguu. Ya mazoezi. Kipimo iko hapa."

Waiswa akaupitisha uzi vidoleni. Mafundo yote yalikuwa ya kinyume, yamezungushwa mara tatu, na uzi ulikuwa mpya, unanuka grisi mbichi. Salale! Nywele zikamsimama.

"Afande, nani alimpima mkubwa?"

"Fundi, wewe nauliza sana," askari akajibu, anatabasamu. "Alhamisi mimi nakuja."

Baiskeli hiyo, ambayo Waiswa anaijaribu leo, ilikamilika jana. Mkewe, Kagoya, hataki hata kuigusa.

"Uzi si mtu, Baba Rajab. Wanakuvuta huko, na wewe unajipeleka."

"Mtu mwingine angejuaje kupima kiwiko? Kirunda yu hai, mama. Wanamfanyisha kazi."

Anaogopa, hafichi. Lakini amekwishapanga la kusema. Kwa kawaida yao baiskeli hii haikabidhiwi mpaka mwenyewe aikalie, fundi amkazie pedali za mikono palepale. Atamwambia askari hivyo, apelekwe kambini pamoja na spana zake.

"Nikimwona hata kupitia dirishani, yatosha," anasema. "Mama yetu atajua kama ni wa kuliliwa au ni wa kusubiriwa."

Kesho ndiyo Alhamisi. Waiswa anashuka, anajifuta jasho, anakata uzi mpya. Anajipima bega, kiwiko, ngumi, nyonga, kisigino. Anafunga mafundo polepole, kwa namna yake, kisha anautundika kwenye msumari.

"Huo wa nani tena?" Kagoya anauliza.

"Wangu. Nisiporudi, siku moja askari akakuletea uzi, utazame mafundo."

Kagoya anautungua uzi, anafumba macho, na kuanza kupapasa fundo moja moja, ajifunze.